Sifuri ya Evariste Bationo

Kila Januari, vumbi la jangwani likishaukalia mji hata mtu akipenga kamasi zinatoka nyekundu, Evariste Bationo aliegesha mobileti yake, ile pikipiki ndogo ya pedali, mbele ya kibanda changu cha kuchapa na kutoa nakala pale Dapoya, Wagadugu, akapangusa viatu mlangoni, akaniwekea mezani daftari la shule la kurasa mia mbili.

"Pelagi, mwaka umekwisha," alikuwa akisema, na salamu ndiyo ilikuwa hiyo. Sisi Wamosi tunasalimiana mpaka uji unapoa, kwa hiyo mwanzoni nilimwona hana malezi. Baadaye nilimzoea, maana kiburi hakuwa nacho. Alikuwa tu mtu asiyetumia neno mahali ambapo tarakimu ingetosha.

Ndani ya daftari lile walikuwamo waandishi wa habari wa nchi nzima: nani kapigwa, nani kakamatwa, nani kaitwa kuhojiwa, nani katishwa kwa simu, gazeti gani limefungiwa. Safu tano, zimepigwa mistari kwa rula. Kazi yangu ilikuwa kuyahamishia hayo kwenye fomu ya kurasa kumi na nne ya shirika moja la Ulaya linalopima uhuru wa habari duniani na kuzipanga nchi kama watoto wa darasani, kuanzia wa kwanza hadi wa kuburura mkia. Kwa upande wetu mjazaji alikuwa Evariste, na aliijaza miaka ishirini na miwili. Watu hudhani kazi ya namna ile hufanywa na maprofesa. Hapa kwetu ilifanywa na mtu aliyesomea kupima mvua.

Alikuwa mwajiriwa wa idara ya hali ya hewa. Kila asubuhi saa moja kamili alisoma kopo la mvua uani kwa idara, akaandika, akamwaga maji. Alifanya hivyo miaka kumi na minane, hadi walipopunguza wafanyakazi naye akapunguzwa. Mwaka uliofuata, mgeni wa shirika lile alikuja Wagadugu kutafuta mtu asiye na chama, asiye na gazeti na asiye na domo. Mtu wa aina hiyo mjini hapa alikuwa mmoja.

Na ile kanuni ya mvua aliihamishia kwenye kazi mpya. Idarani walifundishwa kwamba maji yasiyopimwa saa moja hayahesabiwi, kwani jua huyanywa, na mtu hawezi kuandika maji aliyoyasikia usiku juu ya bati. Basi hata mwandishi aliyepigwa, kama hana mashahidi wawili na hakutia sahihi yake mwenyewe, kwa Evariste hakupigwa. Niliichukia kanuni ile. Nilimwambia mara nyingi kwamba jicho la mtu likivimba linaonekana bila shahidi. Alijibu kwamba jicho huvimba hata kwa nyuki.

Miaka ile ya mwanzo walikuja wenyewe kuandikwa, wakipanga foleni kwenye benchi langu pamoja na wanaosubiri nakala za vyeti vya kuzaliwa. Mpiga picha aliyevunjiwa kamera alileta vipande vyake ndani ya mfuko wa sukari. Mhariri aliyezabwa kofi na shemeji wa mkubwa mmoja alikuja na mashahidi sita, wanne wakiwa hawakuwapo, na wote walitaka kusimulia. Kuandikwa na Evariste ilikuwa heshima. Wengine walitoa nakala ya ukurasa wao wakaubandika ofisini.

Aliyeandikwa mara nyingi kuliko wote alikuwa Bureima Bance, mtangazaji wa asubuhi wa redio moja ya pale jirani. Mtu mrefu, mwenye sauti ya kuweza kuuza maji mtoni. Alitangaza kwa Kifaransa, halafu akarudia kwa Kibissa kwa ajili ya watu wa kwao, na kwa Kibissa ndiko alikokuwa akitukana wakubwa kwa raha zake. Mara tisa aliingia katika daftari. Na kwa vile yeye ni Mbissa na Evariste ni Mgurunsi, walikuwa watani tangu mababu. Mbissa husemwa kwa karanga, kwamba kwa kopo moja atamwuza mama yake. Mgurunsi husemwa kwa nyama ya mbwa, kwamba haachi hata mkia. Mimi watani wangu ni Wasamo, ugomvi huu haukunihusu, kwa hiyo nilikaa nikacheka.

"Mtumwa wangu," Bureima aliita kabla hajavuka kizingiti, "mbwa wa jirani umeshamla, au bado unamnenepesha?"

"Nimemfunga nyuma," Evariste alijibu bila kuinua macho. "Nimemwekea karanga, najua we ndo utakuja kumnyang'anya."

Yule mtu mkavu asiyejua hata kusema habari za asubuhi, kwa utani alikuwa na ulimi kama wa muuza samaki. Nadhani ndiyo njia pekee aliyopewa ya kumpenda mtu. Walikuwa wakichambana saa nzima, kisha Bureima anatia sahihi chini ya kipigo chake cha mwezi ule, anaazima kalamu na hairudishi, anakwenda zake.

Mimi ndiye niliyechapa, basi nakumbuka. Kulikuwa na mwaka wa matukio arobaini, mwaka wa hamsini na tatu, na mwaka mmoja wa sitini na moja ambapo vidole viliniuma. Mwaka ule wa sitini na moja nchi yetu ilishuka vibaya katika orodha ya shirika. Wakubwa walinuna. Lakini ndio mwaka ambao magazeti yalikuwa yakisema lolote, watu wakibishana barabarani kwenye kahawa mpaka wanasahau mikate yao, na aliyepigwa Jumatatu alikuwa hewani Jumanne akimtaja aliyempiga kwa jina. Miaka iliyofuata matukio yalipungua, arobaini, kumi na tisa, kumi na moja, na nchi ikapanda. Evariste aliona hilo kabla yetu sote. Aliandikia shirika barua, nikaichapa: kwamba kopo likiwa tupu kuna mambo mawili, ama mvua haikunyesha, ama kopo limetoboka, na fomu yenu haina mahali pa kuandika la pili. Wakajibu kwa adabu nyingi kwamba wanathamini sana mchango wake, na kwamba njia ya upimaji haiwezi kubadilishwa kwa ajili ya nchi moja.

Wanajeshi waliposhika nchi, benchi langu lilibaki na watu wa vyeti vya kuzaliwa tu. Hakuna aliyekuja kusema niandike. Evariste akawa anawafuata yeye, kwa mobileti, mtaa kwa mtaa. Walimpa maji, wakamwuliza habari za watoto, wakasema hakuna jambo. Mmoja mkono ulikuwa kwenye bendeji, akasema ameanguka chooni. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nikiusubiri huo mshindo huku nikijiambia labda safari hii wahenga wamekosea.

Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kufa ganzi. Siku moja nilimkuta anakula wali na kunde juu ya daftari, anaandika habari za mtu aliyezimiwa sigara mgongoni, kijiko mkono mmoja na kalamu mkono wa pili. Nikamwambia hana haya. Akanitazama kama mtu anayekumbuka njia ya mahali alipowahi kuishi.

"Zamani siku ya kipigo nilikuwa sili," akasema. "Sasa nakula tu. Chakula hakina ladha, lakini kinapita."

Nikamwambia basi aache hiyo kazi. Akauliza, akiacha, nani atahesabu. Nikarudi kwenye mashine yangu.

Sasa nije kwenye kosa. Naliita letu sote wawili, ingawa yeye alilichukua peke yake.

Ilikuwa Oktoba, saa nne asubuhi, na Bureima akaingia kibandani. Hakusimama kizingitini kama kawaida yake. Alikaa kwenye benchi.

"Mtumwa wangu," akasema, "wajomba zako wa kambini wameniita mara tatu mwezi huu. Wananipima mbavu. Nadhani wanasema nimenona."

"Wakikuchinja," Evariste akasema, "waambie ulimi waniachie. Nitaukaanga na karanga zako mwenyewe."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika mashine. Bureima naye akacheka, kidogo, halafu akauliza, "Utaniandika lakini?"

"Mla karanga haandikwi kwa wino. Anaandikwa kwa mafuta."

Bureima akasema haya, akakaa kidogo zaidi, akasimama akaenda. Hakuazima kalamu. Anayeijua mila yetu atatuelewa: maneno ya mtani hayachukuliwi kwa uzito. Ukiyachukua kwa uzito umemvunjia heshima yeye, mababu zake na wako. Mtani akisema nakufa, unamwuliza shamba lake la karanga amemwachia nani. Bureima alikuwa na njia moja tu ya kusema na Evariste, na njia ile jambo la kweli halipiti. Alilileta la kweli hata hivyo, nasi tukalicheka.

Baada ya siku kumi na moja walimchukua kwenye geti la redio, wanaume wanne na gari lisilo na namba, saa tano, mchana kweupe, watu wakipita. Redio ikatangaza kwamba mtangazaji wenu yuko likizo.

Mkewe, Alimata, alikuja kwangu siku ya tatu. Alikuwa mwanamke mfupi, muuza vitenge sokoni, mwenye maneno ya kutosha watu watatu, ila siku ile yalikuwa yamemwisha. Alikuwa ameshazunguka kote wanakozungukia watu, na kila mlango waliangalia vitabu vyao wakasema jina hilo hawana. Alitaka Evariste amwandike mumewe, Ulaya wasikie, labda kelele zitamtoa.

Evariste alikuwa amekaa mahali palepale alipokaa siku ile. Akafungua daftari, akauliza nani aliona.

Alimata akasema mlinzi wa geti aliona, na fundi mitambo aliona. Fundi ameshavuka mpaka. Mlinzi hataki.

"Mashahidi wawili, dada," Evariste akasema. "Na sahihi yake. Akiwa hayupo, mke anaweza kumtilia. Lakini mashahidi wawili."

Nilimtazama uso wake, nikaona hamna kitu ndani yake, si huruma, si hofu. Nilitaka kumpiga na rula. Nikamwambia kwa sauti kwamba mtu huyu alikaa hapo, kwenye benchi hilo, akakwambia kwa kinywa chake.

"Najua," akasema. "Nilimwambia ntaukaanga ulimi wake." Kisha akaandika tarehe, na saa, na mahali, akaacha nafasi mbili wazi za mashahidi.

Wiki mbili nzima aliwafuatilia. Fundi alipatikana kwa simu huko alikokimbilia, akakubali. Mlinzi alimwendea nyumbani mara tano, na mara ya tano mlinzi yule, mzee wa watu mwenye wajukuu, alitia sahihi huku akilia. Ilikuwa Jumamosi. Ukurasa ulikuwa umetimia. Ungeingia kwenye fomu, na kabla ya fomu shirika lingepiga kelele. Kelele zingemtoa Bureima, au zingemmaliza. Hakuna aliyejua, na Evariste hakujifanya anajua.

Jumamosi hiyohiyo jioni alikuja na habari nyingine. Aliyemshika Bureima alikuwa kapteni mmoja, jina lake Paskali Bayala, Mgurunsi wa upande wa Reo, ambaye mama yake anatoka kijiji kimoja na Evariste. Nikasema basi kumekucha, nenda kamwombe, wewe ni mjomba wake. Akatikisa kichwa. Mjomba hunyimwa, tena kwa urahisi kuliko mtu yeyote. Asiyenyimika ni mtani.

"Aende Alimata," akasema. "Mbissa akiomba kwa Mgurunsi, Mgurunsi anatoa. Lakini akitoa, mambo yameisha. Cha utani si ugomvi. Hakisemwi tena, hakiandikwi."

Nikamwuliza kama ameelewa anachosema. Akafungua ule ukurasa uliotimia, na sahihi ya mzee iliyolowa, akautazama. Akasema ameelewa.

Jumapili mchana nilimpakia Alimata kwenye pikipiki yangu, Evariste akatangulia kwa mobileti, tukaenda Tampui, kwa mama yake kapteni. Bibi yule alikuwa mpika pombe ya mtama, na Jumapili uani kwake palijaa watu wametoka kanisani, vibuyu mikononi. Kapteni alikuwapo, shati la maua, kwenye kiti cha mkono karibu na mitungi. Alimata ni Mwislamu safi, hajawahi kukanyaga kilabu cha pombe maisha yake. Alifunga kilemba chake upya, akapita katikati ya walevi, akasimama mbele ya kile kiti.

"Kati yenu nani mtumwa wangu anayejiita kapteni?"

Watu wakageuka. Kwa lafudhi tu walishamjua ni Mbissa, na vicheko vilianza kabla hajamaliza.

"Inuka kwenye kiti cha bibi yako," akasema. "Nimetoka mbali, miguu inaniuma, na we umekaa kama mtu aliyezaliwa na watu."

Kapteni akacheka. Mila ni mila, akainuka, Alimata akakaa.

"Bibi, karanga zimekwisha huko kwenu?" akamtania. "Umekuja kuokota za kwetu?"

"Karanga ninazo. Nimekuja kwa kingine. Nasikia mmeokota mume wangu. Silaumu, naijua njaa yenu, mkiona chochote kimefungwa kamba mnadhani ni mbwa. Sasa yule si mbwa. Tena ni mkavu, hata ukimchemsha siku mbili mchuzi hatoi. Nirudishie, nina kazi naye."

Ua zima lilikuwa linacheka, wengine wanajipiga mapaja. Kapteni naye meno nje.

"Mumeo ndo nani?"

"Bureima Bance."

Vicheko vilikatika. Mtu wa karibu nami akaweka kibuyu chini taratibu akaanza kutafuta kofia yake. Kapteni alikuwa bado ana meno nje, lakini macho yalishaondoka. Alimata alikaa palepale kwenye kiti.

Aliyesema ni mama mpika pombe, akiwa ameinamia mtungi wake.

"Paskali, Mbissa amekuomba."

"Mama, haya mambo huyajui."

"Siyajui. Sijui umeweka nani wala umemweka wapi. Najua Mbissa akiomba kwangu hanyimwi. Ukimnyima, siku ya kuzikwa mimi nani atakuja kunicheka? Nizikwe kimya kama mwizi?"

Kapteni akamwona Evariste aliyesimama kwenye lango na kofia mkononi, akamfuata. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao.

"Mjomba, ni wewe unayeandika?"

"Ni mimi."

"Cha utani hakiandikwi."

"Najua."

"Hapana. Sema wewe, watu wasikie."

"Cha utani hakiandikwi," Evariste akasema, kwa sauti ileile ya kuniambia mwaka umekwisha.

Tuliporudi kibandani aliweka rula juu ya ule ukurasa akapiga mstari mmoja, kona kwa kona, umenyooka.

Bureima alirudi Alhamisi ya wiki ya pili. Walimshusha kwenye mzunguko wa barabara, akatembea hadi nyumbani. Mwili wake ulikuwa mzima, vidole kumi, meno yote, amekonda tu. Alimata alichinja kondoo. Evariste akanunua karanga mbichi mfuko mzima, akaufunga mbele ya mobileti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona amenyoa siku isiyo ya kanisa. Tulikwenda pamoja.

Bureima alikuwa ameketi mkekani uani. Evariste akautupa ule mfuko miguuni pake.

"Wamekurudisha? Nilidhani umeshakuwa mshikaki. Au walikuonja wakakuta unanuka karanga?"

Bureima akasimama. Akauokota mfuko kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Asante sana, kaka," akasema. "Mungu akubariki. Karibu ukae."

Alimata akaangalia chini. Evariste alingoja kidogo, kama mtu anayengoja chenji yake, kisha akajaribu tena. Akasema kitu kuhusu mbwa wa kituoni, kwamba bila shaka walikula sahani moja naye.

"Karibu maji, kaka," Bureima akasema.

Tukanywa maji. Bureima akauliza habari za nyumbani kwa Evariste, za afya, za ndugu, moja baada ya moja, kwa upole kama anamwuliza mkubwa wa serikali. Evariste akajibu zote. Hatukukaa sana. Nje alipanda mobileti akawa anasukuma pedali na haiwaki, mara nane, mara tisa, mpaka nikamwambia hajafungua mafuta.

Januari akaja na daftari. Nikachapa ukurasa wa kwanza, wa pili, nikafika kwenye safu ya waliokamatwa. Mwaka ule tulikuwa tumesikia majina saba mengine, na wote saba, au wake zao, walikataa kutia sahihi. La Bureima lilikuwa na mstari juu yake.

"Niandike nini hapa?" nikauliza, nikijua.

"Sifuri."

"Evariste."

"Mashahidi hawapo. Na yule mwenye mashahidi nimemtolea neno mbele ya mama wa watu. Andika sifuri."

Nilimwambia tusipeleke fomu kabisa. Tuseme umeugua. Alifikiri, nampa haki yake, alifikiri muda mrefu. Kisha akasema kwamba wasipopata fomu watamwuliza mtu mwingine, na mtu mwingine atajaza kwa kubahatisha, na yeye miaka ishirini na miwili hajabahatisha. Nikamwambia basi huu ndio uongo wake wa kwanza. Akasema si uongo, ni kipimo. Nilikasirika nikagonga ile sifuri kwa nguvu hadi kitufe kikakwama, ikabidi nikichomoe kwa pini. Chini ya fomu nikamwona anaandika kwa mkono ile habari ya kopo lililotoboka, pembeni kabisa, mahali pasipo na mstari. Tukatuma.

Orodha ilitoka mwezi wa tano. Evariste alikuwa kwangu kwa jambo lake, nakala ya kitambulisho cha pensheni, na kibandani walikuwapo watu wanne watano wanaosubiri. Redio yangu ilikuwa imewashwa pale inapowashwa siku zote. Bureima alikuwa amerudi kazini tangu Februari, ila hakuwa na kipindi tena. Alisoma taarifa, zile zinazoletwa redio zote zimeshaandikwa.

Akasoma kwamba nchi yetu imepanda nafasi kumi na saba katika orodha ya dunia ya uhuru wa habari. Akasoma pongezi za waziri. Akasoma kwamba kwa mujibu wa shirika hilo la kimataifa, katika mwaka uliopita hapakuwa na mwandishi wa habari hata mmoja aliyekamatwa nchini. Alisoma vizuri, sauti ileile ya kuuza maji mtoni, kila nukta mahali pake. Halafu akarudia yote kwa Kibissa. Hata kwa Kibissa hakuongeza neno.

Mama mmoja kwenye benchi akasema, kumbe mambo si mabaya kama watu wanavyosema. Mwenzake akaitikia.

Mimi nilikuwa namtazama Evariste. Alikuwa amesimama katikati ya kibanda, kitambulisho mkononi, amegeuzia redio sikio kama mtu anayehakiki hesabu. Bureima alipomaliza, muziki ukaingia, Evariste akaja mezani kwangu akaninyooshea kile kitambulisho nikitolee nakala.

"Amesoma nilichoandika," akasema. "Hakukosea."

Nikamwambia akae. Nikamwambia hata kulia si aibu, watu hawa hawamjui, na wakimjua potelea mbali. Akakaa. Aliweka kiganja kifuani, akakibonyeza mahali pawili patatu, kama mganga anayemtafutia mgonjwa panapouma.

"Sisikii kitu, Pelagi," akasema. "Nilidhani leo nitasikia."